Mashine ikitabiri dhoruba ya jua bila kusema sababu, unaiamini? Mimi nasema maelezo ni urembo

#1 Kipimajoto

Wakuu, salaam.

Kuna jambo linanikera, nataka tulichambue. Agosti 2025 NASA na IBM walitoa bure modeli ya akili mnemba inayoitwa Surya. Imefundishwa kwa picha za jua za miaka tisa zilizopigwa na SDO, setilaiti ya NASA inayolitazama jua, na inajaribu kusema kama kuna mlipuko unakuja ndani ya saa mbili. Wenyewe wanasema katika kubaini milipuko imezipita mbinu zilizotangulia kwa asilimia 16. Safi.

Ila siku hizi karibu kila andiko kuhusu utabiri wa hali ya hewa ya anga za juu lazima liwe na sura ya "akili mnemba inayojieleza". Michoro ya rangirangi, mashine ilitazama wapi, kipimo gani kilichangia kiasi gani. Msimamo wangu: urembo mtupu. Machi 1989 gridi ya Quebec, Kanada, ilianguka ndani ya sekunde 90 hivi, watu milioni 6 wakakosa umeme kwa muda wa saa tisa. Ungekuwa zamu usiku ule ungeomba nini, maelezo au onyo? Mimi ningeomba onyo. Mashine ipatie mara nyingi, mengine tutaulizana kesho yake.

Anayepinga alete hoja.

#2 Kichwa_Ngumu

Nimeshavuta kigoda.

Niko na mleta mada. Mei 2024 dhoruba ya jua ilitukatia intaneti Afrika Mashariki nzima. Nani alituonya? Hiyo mashine yenye maelezo ilikuwa wapi?

#3 Mwana_wa_Malindi

Kichwa_Ngumu, hapo umechanganya madawa. Dhoruba ilianza kutupiga Ijumaa tarehe 10 Mei, kwa saa zetu ni kama saa mbili usiku. Intaneti ilidorora Jumapili tarehe 12, na sababu ilitangazwa: nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika huko upande wa Afrika Kusini, kaskazini ya Durban. Tangu lini jua likakata waya chini ya bahari?

#4 Kichwa_Ngumu

Ijumaa jua linachafuka, Jumapili nyaya mbili zinakatika kwa mkupuo. Haya, bahati mbaya tu hiyo.

#5 Gridi_Mkoa

Niwaingilie kidogo, maana umeme ndio ugali wangu.

Nyuzi zenyewe ni za kioo, zinapitisha mwanga, jua haliziwezi. Lakini njiani kuna vikuza ishara, na hivyo vinalishwa umeme kutoka nchi kavu kwa shaba iliyomo ndani ya waya huohuo. Hapo ndipo dhoruba ya sumaku inaweza kugusa. Mwaka 2021 Sangeetha Abdu Jyothi wa Chuo Kikuu cha California, Irvine, aliandika juu ya hatari hiyo na watu wakataharuki. Lakini hata yeye hofu yake kubwa ilikuwa nyaya za latitudo za juu, zile zinazovuka Atlantiki ya kaskazini, siyo hizi zinazopita kwetu.

Kwa hiyo kusema haiwezekani kabisa, hapana. Kusema ndicho kilichotokea Mei 2024, hapana pia.

#6 Bi_Nuru

Kipimajoto ndugu yangu, huoni kwamba Kichwa_Ngumu kakujibu bila kukusudia?

Chukua Mei 2024 hiyohiyo. Tarehe 3 na 4 kimbunga Hidaya kinapiga pwani ya Tanzania. Kenya iko kwenye mafuriko. Tarehe 10 inaingia dhoruba ya jua ya daraja G5, la juu kabisa, ya kwanza kufika hapo tangu Oktoba 2003. Tarehe 12 nyaya zinakatika. Sasa ilishe mashine data za mwezi ule, iambie ijifunze kutabiri intaneti kukatika. Itapata kitu cha kushika, na alama zake zitapendeza. Imeshika nini? Huenda jua, huenda mvua ya kimbunga kule Mafia, huenda siku ya Jumapili. Alama hazikwambii. Ukiifungua ndani ukakuta inategemea mvua ya Mafia, utaitupa leoleo.

Halafu hili la "ipatie mara nyingi". Kati ya Desemba 2006 na Februari 2011 jua halikutoa hata mlipuko mmoja wa daraja X, lile la nguvu kuliko yote. Naweza kukuandikia programu ya mstari mmoja inayosema "leo hakuna" kila kukicha, na kwa miaka minne ile isingekosea hata siku moja. Utainunua?

#7 Kipimajoto

Bi_Nuru, la pili hilo ni la kuchagua kipimo, halihusiani na maelezo. Watu wa fani hawahesabu usahihi mtupu, wanatumia TSS, kipimo kinachotoa kiwango cha maonyo ya uongo kwenye kiwango cha matukio yaliyopatiwa, na kwa TSS programu yako ya mstari mmoja inaambulia sifuri. La kwanza naliwekea alama ya kuuliza, maana hakuna mtu makini anayefundisha mashine kwa data za mwezi mmoja.

#8 Kichwa_Ngumu

"Hakuna mtu makini." Mkuu, unawajua wanafunzi wa uzamili wakati wa kukusanya kazi?

#9 Chausiku_Takwimu

😂😂 #8 umenigusa.

Mimi niko kwenye mambo ya mikopo, siyo jua, lakini zana ni hizohizo. Inayotumika sana kwenye kujieleza ni SHAP, na kwa wasioijua iko hivi. Chombo kimerudi pwani na samaki. Ndani kuna nahodha, mwenye mashine, mwenye nyavu na mabaharia wawili. Nani kachangia kiasi gani? Lloyd Shapley mwaka 1953 alitoa hesabu ya mgao: wapange kwa kila mpangilio unaowezekana wa kuingia chomboni mmojammoja, kila anapoingia mtu tazama samaki wameongezeka kiasi gani, mwisho chukua wastani. Mwaka 2017 Lundberg na Lee wakaifanya iwe zana ya kufungulia mashine. Weka kasi ya upepo wa jua (chembe zinazotiririka kutoka kwenye jua), msongamano wake, mwelekeo wa sumaku yake, na samaki ndio utabiri.

Sasa tatizo, na hapa naegemea kidogo kwa Kipimajoto. Kama mwenye nyavu na mwenye mashine huwa wanakwenda pamoja siku zote, utajuaje samaki ni wa nani? Hesabu itawagawia tu. Na data za madoa ya jua ndivyo zilivyo. Mwaka 2015 Bobra na Couvidat walitabiri milipuko kwa vipimo 25 vya sumaku kutoka SDO, wakakuta 13 vinatosha. Vingi vinasimulia jambo lilelile: doa kubwa, sumaku iliyojisokota. Ukiona SHAP inasema helisiti (kiasi sumaku ilivyojisokota) imechangia zaidi ya mtiririko wa sumaku, usikimbilie kuandika kwamba umegundua fizikia.

#10 Kipimajoto

Chausiku umenifungulia mlango, napita.

Nimesoma maandiko kadhaa ya kutabiri dhoruba za sumaku duniani. Mwisho wa yote wanafungua mashine kwa SHAP, wanakuta kinachoongoza ni Bz (sumaku ya upepo wa jua imeelekea kaskazini au kusini kiasi gani) na kasi ya upepo wa jua. Wanashangilia. Jamani, James Dungey alisema mwaka 1961 kwamba sumaku ya upepo wa jua ikielekea kusini inaungana na ya dunia na mlango unafunguka. Miaka 60 baadaye tunatumia kompyuta za mamilioni kuambiwa la Dungey?

#11 Bi_Nuru

Kuambiwa la Dungey ndiko tunakokutaka! Mashine isiyomjua Dungey ndiyo ya kuogopa.

Kuna mtego unaojulikana sana kwenye kutabiri Dst, kile kipimo cha nguvu ya dhoruba. Mashine unaipa thamani za saa zilizopita pamoja na upepo wa jua. Mchoro unatoka mzuri ajabu, mistari miwili inapandiana. Ukisogeza macho karibu unaona mstari wa mashine uko nyuma kwa saa moja, kila mahali. Haitabiri chochote. Inanakili thamani ya mwisho iliyopewa, na kwa kuwa Dst haibadiliki haraka siku za kawaida, alama zinakuwa juu. Siku dhoruba inapoingia, inakuja kukwambia saa moja baada ya kuingia. Laperre na wenzake walilionyesha hilo mwaka 2020. Ukiuliza mashine ya namna hiyo imetegemea nini, itakujibu "Dst ya saa iliyopita" na Bz iko mkiani. Umeshaikamata.

Mtego wa pili ni mapengo. Oktoba 2003, kwenye zile dhoruba kubwa, kifaa cha ACE cha kupima upepo wa jua kilizidiwa na chembe na data zikaharibika wakati zinahitajika kuliko wakati wowote. Ukiziba mapengo hayo kwa sifuri au kwa wastani, mashine inaweza kujifunza kwamba pengo maana yake dhoruba. Itapatia kweli! Halafu siku setilaiti inakwama kwa sababu nyingine kabisa, inaamsha watu usiku bure.

#12 Gridi_Mkoa

#11 imekaa vizuri.

#13 Mzee_wa_Morse

Wanangu, salaam kutoka Mskati. Nimekuwa kwenye redio za masafa mafupi tangu wengi wenu hamjazaliwa, kwa hiyo mnivumilie.

Kipimajoto, umeanza na Surya ukamalizia na Quebec. Hayo ni mambo mawili. Surya mnayoisifu inatazama milipuko ya mwanga. Mlipuko ukitokea, mionzi yake inafika hapa kwa dakika nane, na ukiiona imeshakupiga. Kinachoumia ni sisi watu wa redio upande wenye mchana. Septemba 2017 visiwa vya Karibi viko katikati ya kimbunga Irma, watu wa uokoaji wanategemea masafa mafupi, jua likatoa mlipuko wa X9.3 tarehe 6. Redio zikafa kwa muda.

Kilichoangusha Quebec ni wingu la plasma, yaani gesi yenye chaji ya umeme, lililotapikwa na jua. Hilo husafiri siku moja hadi tatu. Na litaleta madhara au halitaleta kutegemea sumaku iliyobebwa ndani yake imeelekea wapi, ile Bz ya Dungey. Picha ya jua haikuonyeshi hilo vizuri. Unalijua linapopita kwenye setilaiti zilizo kilomita milioni 1.5 kutoka hapa, na hapo umebakiwa na robo saa hadi saa moja. Kwa hiyo mashine yako ya picha, ijieleze isijieleze, Quebec isingeiokoa.

#14 Kipimajoto

Shikamoo mzee. Quebec niliitaja kuonyesha uzito wa onyo, siyo kwamba Surya ingeizuia. Lakini hesabu ya robo saa umenipa silaha: kama nimebakiwa na robo saa, nani anakaa kusoma michoro ya SHAP?

#15 Mzee_wa_Morse

Marahaba. Robo saa ukiitumia kuzima kitu ambacho hakikupaswa kuzimwa, kesho hawakusikilizi.

#16 Gridi_Mkoa

Mzee kamaliza. Niongeze la chumba cha udhibiti.

Mtu wa zamu haamui peke yake. Anapiga simu. Anayepigiwa, saa nane usiku, swali la kwanza ni "kwa nini?" Ukimjibu "mashine imesema 0.83" anakwambia subiri. Ukimjibu "Bz imegeuka kusini kwa nguvu, kasi imeruka, na mashine inategemea hayo mawili", anaamka kitandani.

Angalieni Mei 2024. Tarehe 9 wataalamu wa NOAA, idara ya Marekani ya hali ya hewa na bahari, pale Boulder, Colorado, walitoa tahadhari ya G4, ya kwanza tangu Januari 2005. Hawakusema namba tu. Walisema kuna doa namba 13664, limetoa mawingu kadhaa yanayofuatana kuja dunia, yanaweza kupandiana njiani. Wenye gridi wakajiandaa. Ikaja G5 badala ya G4, yaani utabiri ulipungua, lakini watu walishakuwa macho kwa sababu walielewa. Mashine isiyojieleza ikikosea kwa daraja moja, hujui hata ikusaidie nini.

#17 Kichwa_Ngumu

Kwa hiyo binadamu walitabiri wakakosea daraja, na tunawapigia makofi. Mashine ikikosea inaitwa kisanduku cheusi. Upendeleo huu.

#18 Fundi_Rova

Naomba tutoke angani tushuke bandarini.

Nafanya kazi za upimaji, sasa hivi niko na meli inayochimba mchanga kuongeza kina, zamu ya usiku. Kuna misimu, kuanzia kama saa moja na nusu jioni, rova (kipokezi cha GPS cha kupimia) inapoteza fiksi, yaani nafasi kamili. Inarudi, inapotea tena. Setilaiti zipo 20 kwenye kioo lakini namba za kina zinacheza, nahodha anafoka, tunasimama. Ikikaribia saa sita usiku kumetulia kama hakuna kilichotokea. Waliotuuzia vifaa wanasema ni dhoruba ya jua. Nikiingia kutazama Kp, kipimo cha dhoruba ya sumaku cha 0 hadi 9, naikuta 1 au 2. Dhoruba gani ya Kp 1?

#19 Mwana_wa_Malindi

Makreni. Chuma yote ile bandarini, ishara zinadunda huku na huku.

#20 Kichwa_Ngumu

Madereva wa malori. Wanaweka vifaa vya kuziba GPS ili bosi asijue wamepita wapi. Jioni ndio foleni yao ya kuingia bandarini.

#21 Chausiku_Takwimu

Masahihisho unayapata kwa intaneti ya simu? Jioni kila mtu yuko kwenye tamthilia, mtandao unajaa, masahihisho yanachelewa, fiksi inaondoka.

#22 Fundi_Rova

#21 situmii simu, besi yangu (kipokezi kinachotoa masahihisho) iko nchi kavu na inarusha kwa redio. Makreni yapo mchana na usiku, kwa nini yasumbue jioni tu? La malori sijui, nitachunguza.

#23 Bi_Nuru

Fundi, umeleta swali zuri kuliko yote humu.

Ikweta ya sumaku haipiti tunapodhani. Kwa Afrika inapita Ethiopia, inaelekea Chad na Nigeria. Pembeni yake, kama nyuzi 15 kila upande, tabaka la ioni, lile la juu ya hewa lenye chaji ya umeme, lina kingo mbili nene, na ukingo wa kusini unatuangukia sisi, Kenya na Tanzania. Jua likizama, chini ya tabaka kunazuka mapovu ya plasma yanayopanda juu. Ishara ya GPS ikipita ndani yake inatetemeka, kipokezi kinapoteza hesabu ya mawimbi. Kuanzia magharibi hadi usiku wa manane, hasa Machi na Aprili, Septemba na Oktoba, na zaidi miaka ambayo jua limechangamka. Kp haihitajiki. Kuna nyakati dhoruba inayazuia mapovu yasitokee.

Sasa Kipimajoto, tazama. Modeli nyingi zinafundishwa kwa data za kaskazini, na huko Kp inabeba mengi. Ukimletea Fundi modeli hiyo, itamwambia "usiku huu salama" kila usiku anaosimamishwa kazi. Ukiifungua ukaona Kp iko juu na saa ya siku iko chini, unajua haikutengenezwa kwa ajili ya huku. Ukifundisha kwa kipokezi cha huku, mfano kile cha kudumu pale Malindi, natarajia uone saa, mwezi na F10.7 (kipimo cha redio cha uchangamfu wa jua) vinaongoza. Fizikia inadai hivyo. Alama za jumla ya dunia nzima zingekuficha hayo yote.

#24 Fundi_Rova

Machi na Septemba! Ndiyo misimu hiyohiyo. Nilikuwa naweka lawama kwa betri.

#25 Kichwa_Ngumu

Machi pia mvua zinaanza. Na malori hayapumziki. Fundi usikubali kirahisi, Bi_Nuru ana mdomo mtamu.

#26 Bi_Nuru

Mdomo mtamu na data 😄. Weka kipokezi pembeni, kirekodi mtetemo wa ishara kwa kila setilaiti. Povu linasumbua setilaiti za upande mmoja wa anga, linasogea kuelekea mashariki. Kizibaji cha lori kinaua zote kwa mpigo. Hapo mtajua wenyewe.

#27 Zamda_K

Habari zenu wakubwa. Ni mwanafunzi, nasoma kimyakimya tangu #1.

Swali: kwa milipuko, wengi wanalisha mashine picha za sumaku ya jua kisha wanatumia Grad-CAM kuonyesha sehemu iliyotazamwa. Rangi nyekundu inakaa kwenye mstari unaotenganisha sumaku chanya na hasi, na hapo ndipo fizikia inasema nishati hulimbikizwa. Si ushahidi huo kwamba mashine imeelewa?

#28 Chausiku_Takwimu

Karibu Zamda. Ushahidi dhaifu. Mwaka 2018 Julius Adebayo na wenzake walizijaribu mbinu za ramani za aina hii kwa kuvuruga mashine yenyewe, wakaijaza namba za ovyo. Baadhi ya mbinu zikaendelea kutoa ramani zilezile nzuri. Zilikuwa zinafuata kingo za picha tu. Grad-CAM ilifaulu jaribio lao, lakini jiulize: kwenye picha ya sumaku, ukingo mkali kuliko wote uko wapi? Ni mstari huohuo wa chanya na hasi. Mashine yenye akili na mashine inayopenda kingo zinaweza kukuonyesha wekundu mahali pamoja.

#29 Kipimajoto

UREMBO. Nilisema. Nani anabisha sasa?

#30 Chausiku_Takwimu

Usikimbie na mpira kabla ya filimbi. Cynthia Rudin mwaka 2019 alitoa hoja yenye makali kuliko yako: kwenye maamuzi mazito acheni kuelezea visanduku vyeusi baada ya tendo, tengenezeni modeli inayosomeka tangu mwanzo. Yeye hasemi maelezo hayana maana. Anasema maelezo ya kubandika ndiyo hayana maana. Wewe unataka kisanduku cheusi bila hata bandiko.

#31 Kipimajoto

Na modeli inayosomeka ikiwa dhaifu kuliko kisanduku, je? Kwa jua, picha moja ya SDO ina pikseli milioni 16. Utaisomaje?

#32 Chausiku_Takwimu

Rudin anasema huo udhaifu mara nyingi unadhaniwa tu, haujapimwa. Kwa data za jedwali nakubaliana naye, nimeona kazini. Kwa picha za jua sina uhakika naye.

#33 Mwana_wa_Malindi

Nachomekea tu: mnaitaja Malindi kwa kipokezi, mmeisahau San Marco? Pale ghuba ya Ngwana, Waitaliano walijenga jukwaa baharini, na tarehe 12 Desemba 1970 ikarushwa setilaiti ya Marekani ya kupima mionzi ya eksi kutoka angani. Ikaitwa Uhuru kwa sababu ni siku ya uhuru wa Kenya. Sayansi ya anga haikuanza kwetu na Surya.

#34 Kichwa_Ngumu

Mmarekani ndiye mwenye setilaiti, Mwitaliano ndiye mwenye jukwaa, sisi tukatoa jina.

#35 Mwana_wa_Malindi

Na samaki, walikula samaki wetu 😂

#36 Gridi_Mkoa

Kurudi kwenye mada. Hata data zenyewe ziko kwenye jengo. Novemba 2024 bomba la maji ya kupozea lilipasuka pale Stanford, likafurika chumba cha kompyuta zinazoshughulikia data za SDO. Mashine iliyozoea picha kila baada ya dakika chache ikabaki bila chakula. Kwa hiyo kabla ya kuuliza "kwa nini imesema hivi", uliza "leo imelishwa nini". Nadhani sehemu hiyo ya maelezo ina faida kuliko SHAP, na hakuna anayeiandikia.

#37 Bi_Nuru

Naiunga mkono. Hapo hata Kipimajoto hana pa kutokea.

#38 Kipimajoto

Napo natokea: hiyo ni kufuatilia mitambo, siyo akili mnemba inayojieleza. Msihamishe magoli.

#39 Zamda_K

Nataka kazi yangu iwe ya mapovu ya huku kwetu, siyo milipuko. Nianzie wapi bila kutumbukia mitego ya #11?

#40 Bi_Nuru

Vizuri. Upepo wa jua, Kp na F10.7 vimepangwa vyote kwenye OMNI, hifadhi ya data ya NASA, bure. Rekodi za vipokezi vya GNSS (GPS na wenzake) nyingi ziko wazi pia. Ukigawanya data za kufundishia na za kupimia, usichanganye dakika kwa kuchota ovyo, maana dakika ya saa mbili kamili na ile inayofuata ni usiku mmoja na povu moja, mashine itakuwa imeshaona majibu. Tenga misimu mizima. Wa milipuko nao wana ugonjwa huo: doa lilelile linawekwa pande zote mbili, halafu wanasifu alama. Na kabla ya SHAP yoyote, pima dhidi ya sheria ya kijinga: "jana ilitokea, leo itatokea". Usipoishinda hiyo, hakuna cha kuelezea.

Pia Mbarara, Uganda, kuna watu wanaofanya fizikia ya anga, waandikie.

#41 Fundi_Rova

Zamda, nina mafaili ya rova na besi ya misimu yote niliyokaa bandarini. Yamejaa diski na bosi ananiambia niyafute. Njoo pembeni tuzungumze kabla hajayafuta yeye.

#42 Kipimajoto

Mimi pia nayataka. Tuwekeane dau: Zamda afundishe ya kwake na maelezo yake yote, mimi nafundisha kisanduku cheusi. Zote zipimwe msimu wa Septemba kwenye meli ya Fundi.

#43 Kichwa_Ngumu

Na mimi naweka ya tatu: nasimama getini nahesabu malori.

#44 Fundi_Rova

Njooni wote, ila kofia ngumu na buti kila mtu aje na zake. Walinzi wa pale hawana mchezo.